Gunia Linanenepa, Pakiti Inakonda: Mhadhara kuhusu Vipimo katika Masoko ya Meru na Embu



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo hakuna kati yetu asiyelinung'unikia dukani: vitu vya nyumbani vinapungua na bei imesimama palepale. Biskuti zimekuwa nyembamba. Mche wa sabuni umekonda ubavuni. Pakiti ya majani chai unaiminya na kukuta hewa. Nitayasema hayo, lakini nikiishia dukani nitakuwa nimewapa nusu ya habari. Katika kaunti hizi mbili, anayenunua pakiti ndogo jioni mara nyingi ndiye aliyeuza gunia kubwa asubuhi. Ameuza viazi, ndizi au ndengu kwa kipimo kinachozidi kunenepa, akanunua sukari, mafuta na chumvi kwa kipimo kinachozidi kukonda. Bei za pande zote mbili anazijua kwa moyo. Kilo hakuambiwa asubuhi, na jioni hakuzitazama. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo nataka tutafute mahali hasa mali hiyo inapopotelea.

HESABU YA PAKITI

Tuanze na maziwa, kwa kuwa kila nyumba inayajua. Pakiti tuliyoizoea ni ya mililita 500. Tuseme kiwanda kimeishusha hadi mililita 450 na bei haikuguswa. Mnunuzi mwepesi wa hesabu atasema amepunjwa asilimia 10. Amekadiria chini. Pesa iliyokuwa ikimletea mililita 500 sasa inamletea 450, kwa hiyo bei ya kila mililita imepanda kwa asilimia 11 na ushei. Kadiri unavyokata ndivyo pengo linavyopanuka: ukipunguza kitu kwa asilimia 20, bei yake halisi imepanda kwa asilimia 25, ukikigawa nusu, umeipandisha maradufu. Nyumba inayotumia pakiti moja kwa siku, mwezi wa siku 30 ukiisha imekosa lita moja na nusu ya maziwa, na hakuna siku hata moja iliyosikia kwamba maziwa yamepanda.

Kwa nini watengenezaji hufanya hivi? Tusiwaonee. Kumbukeni mwaka 2022. Urusi iliivamia Ukraine mwezi Februari, bei ya ngano ikaruka duniani kote. Tarehe 28 Aprili Indonesia ikafunga usafirishaji wa mafuta ya mawese, ikaufungua tena tarehe 23 Mei. Mawese hayo, pamoja na ya Malaysia, ndiyo yanayotengeneza sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia na sabuni tunayotumia hapa. Kufikia Oktoba mwaka huo mfumuko wa bei nchini ulikuwa asilimia 9.6. Shilingi nayo ikalegea: dola iliyonunuliwa kwa takriban shilingi 113 mwanzoni mwa 2022 ilipita shilingi 160 mwanzoni mwa 2024. Mwenye kiwanda aliyebanwa hivyo ana njia tatu: apandishe bei, ashushe ubora, au apunguze kiasi. Ya kwanza inapigiwa kelele siku hiyohiyo. Ya pili inagunduliwa jikoni. Ya tatu hupita bila kugutusha mtu, maana jicho la mnunuzi hukimbilia bei, nayo gramu zimeandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa pakiti, karibu na mshono.

Kuna sababu nyingine ambayo wachumi huisahau, nayo inakaa mfukoni mwenu. Desemba 2018 Benki Kuu ya Kenya ilitoa sarafu mpya za shilingi 1, 5, 10 na 20. Kipakiti cha kiungo cha mchuzi, cha sabuni ya unga au cha majani chai huuzwa kwa sarafu moja, ya tano, ya kumi au ya ishirini. Gharama ikipanda kwa shilingi moja u nusu, kipakiti cha shilingi 10 hakiwezi kuuzwa kwa 11.50. Nani atakupa chenji? Shilingi moja yenyewe ni adimu madukani, na wengi wetu tumewahi kurudishiwa peremende badala yake. Basi bei inafungwa na sarafu, na kinachobaki cha kusogezwa ni gramu. Katika bidhaa hizi ndogo, uzani ndio bei.

Hilo si geni wala si la aibu. Mama anayekaanga mandazi karibu na stendi ya Embu hufanya hivyo kila unga unapopanda. Andazi la shilingi 10 linabaki la shilingi 10, ila donge limekuwa dogo. Mteja analiona kwenye sinia, analilinganisha na la jirani, anaamua. Uingereza iliwahi hata kulifanya jambo hili kuwa sheria. Mwaka 1266 ilitoa amri ya mkate iliyodumu kwa karne nyingi: mkate uliuzwa kwa bei isiyobadilika, na uzani wake ndio uliopanda na kushuka kufuata bei ya ngano. Ngano ikipanda, mkate ulipungua kwa kiasi kilichowekwa kwenye jedwali, na mwokaji aliyepunguza zaidi ya hapo aliadhibiwa. London iliuacha utaratibu huo mwaka 1822, na sehemu nyingine za nchi mwaka 1836. Nataka mshike jambo moja katika habari hii. Mkate ulipungua hadharani, kwa jedwali ambalo mwokaji na hakimu wote walilijua.

Sasa linganisheni na yaliyotupata sisi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Nchi iliwaka. Tarehe 18 Juni pendekezo hilo likaondolewa, na siku nane baadaye rais akakataa kuutia sahihi mswada mzima. Wananchi walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini pigeni hesabu hii: mkate wa gramu 400 ukishushwa hadi gramu 345 kwa bei ileile, mlaji amepandishiwa bei kwa asilimia 16, sawa na kodi ile. Kwa kodi kulikuwa na mswada, na kamati, na wabunge wa kupigiwa simu. Kwa gramu 55 hakuna mswada. Utampigia nani?

KADOGO NA MAJIRA YA PESA

Wapo wanaosema dawa ni rahisi: watu waache kununua kadogo, wanunue vifurushi vikubwa. Wasemao hivyo wana mshahara wa mwisho wa mwezi.

Angalieni pesa inavyoingia hapa kwetu. Mkulima wa majani chai anayepeleka Githongo, Imenti, Kionyo, Mungania au Rukuriri hulipwa kidogo kila mwezi, kisha bonasi hutoka mara moja kwa mwaka, kwa kawaida kufikia Oktoba. Wa kahawa husubiri zaidi. Wa miraa kule Igembe na wa muguka kule Mbeere huona pesa karibu kila wanapovuna, lakini soko lao hufungwa na watu wengine bila kuwauliza: Uingereza ilipiga miraa marufuku Juni 2014, Somalia ikazuia ndege za miraa tangu Machi 2020 hadi Julai 2022, na Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zikapiga muguka marufuku. Kibarua wa shambani hulipwa jioni. Kwa hiyo ukubwa wa pakiti dukani hufuata majira ya pesa. Bonasi ikitoka, utaona watu wakibeba beli zima la unga na dumu la mafuta la lita 20. Miezi mingine ni robo ya sukari, mafuta ya kupima na kipakiti cha majani ya chai ya usiku mmoja.

Gharama yake ni hii. Tuseme kilo ya sukari ni shilingi 160, na kipakiti cha gramu 50 ni shilingi 10. Vipakiti ishirini vinatimiza kilo, navyo ni shilingi 200. Mwenye pesa kidogo amelipa robo zaidi kwa sukari ileile. Hata hivyo, mwenye shilingi 100 jioni na watoto wanne, akiambiwa anunue kilo, huyo ameambiwa asinywe chai, na unga pia ausahau. Kadogo imewapa watu wengi chakula cha jioni ambacho pakiti kubwa ingewanyima. Kuidharau ni kuwadharau wanaoitegemea.

Zamani mwenye duka alifunga sukari mwenyewe, kutoka gunia la kilo 50, kwenye vijikaratasi vya nailoni, mbele ya mizani na mbele yako. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na mazingira yetu yalihitaji hatua hiyo. Lakini vijikaratasi vilipoondoka, ufungaji ulizidi kuhamia viwandani, kwa vipakiti vilivyofungwa tayari, ambapo mkono unaopima hauuoni. Upande mwingine, mashine za maziwa na za mafuta ya kupikia zimeleta kupima upya. Unaweka chupa yako, unataja pesa uliyo nayo, na kioo kinaonyesha mililita zinazoshuka. Bei ya lita imeandikwa ukutani. Ikipanda, inapanda mbele ya macho yako, hata kama umenunua ya shilingi 20. Mradi mashine yenyewe imekaguliwa, huo ndio uungwana ninaoutafuta leo: mtu ana haki ya kununua kidogo, na ana haki ya kujua kidogo hicho ni kiasi gani.

GUNIA

Sasa twende upande wa asubuhi, ambako wahadhiri wachache hufika.

Pandeni Kibirichia au Timau wakati wa kuvuna viazi. Gunia linajazwa hadi mdomoni. Hapo ndipo mtu wa mjini angedhani limejaa. Mshonaji anatwaa sindano ndefu na kamba, anaunganisha wavu kwenye mdomo wa gunia, na viazi vinaendelea kupangwa juu, kimoja kimoja, vikubwa nje ili vishike, hadi kilemba kinasimama juu ya gunia na kamba inakazwa kwa goti. Hiyo ndiyo lumbesa. Wapakiaji wanaliinua wakigumia, na mkulima anahesabiwa gunia moja.

Sheria ya Mazao ya mwaka 2013 na Kanuni za Viazi za 2019 zinataka gunia la viazi lisizidi kilo 50. Lumbesa inapita kilo 100 bila taabu, na nyingine huvuka 150. Tuseme dalali anatoa shilingi 2,500 kwa gunia. Likiwa la kilo 50, mkulima amepata shilingi 50 kwa kilo. Likiwa la kilo 125, amepata 20. Bei ya gunia haijabadilika, na majirani wakiulizana barabarani watajibizana "elfu mbili mia tano" kana kwamba wameuza kitu kimoja.

Kwa nini lumbesa haifi ilhali imekatazwa? Kwa sababu kila anayelishika gunia njiani analipa au analipwa kwa gunia. Mpakiaji analipwa kwa gunia. Nauli ya lori ni kwa gunia. Ushuru wa mazao kwenye kizuizi cha kaunti mara nyingi hutozwa kwa gunia. Mwenye lori akipakia magunia machache manene, amelipa ushuru mdogo na vibarua wachache. Serikali ambayo kwa mkono mmoja inakataza gunia kubwa, kwa mkono wa pili inalipunguzia ushuru. Mkulima naye hana ghala, viazi havingoji, na akikataa peke yake lori litasogea hadi shamba la jirani. Sheria imemwachia mtu dhaifu kuliko wote katika mnyororo huo kazi ya kuilinda.

Viazi havikosi ndugu. Ndizi za Mitunguu kwa miaka mingi zimeuzwa kwa mkungu, kwa kukadiria kwa macho, na jicho linaloamua ni la mnunuzi. Ndengu za Mbeere, huko Siakago na Ishiara, hupimwa kwa mkebe wa gorogoro, na hapa sina budi kusema lisilopendeza, maana mikono ni yetu wenyewe. Dalali akinunua, gorogoro hujazwa hadi punje zikamwagika pembeni, na kilima kile chote ni chake. Ndengu zilezile zikifika sokoni, mkono unapita juu ya mkebe na kuzisawazisha, na kitako cha mkebe pengine kimegongwa kwa ndani. Mkebe ni mmoja, vipimo ni viwili. Kwenye miraa, surba kumi hufanya bunda, na mkono wa mfungaji ndio unaoamua kila surba ina vijiti vingapi. Mvua ikikata, surba hukonda.

Wekeni hayo kando ya majani chai. Kwenye kituo cha kununulia majani chai kuna mizani, na mkulima hurudi nyumbani na risiti yenye kilo. Kahawa vilevile hupimwa kiwandani. Sisemi wakulima hao hawapunjwi. Malalamiko yao ni mengi na mengine yana mashiko. Lakini wana namba ya kulalamikia. Wanaweza kujumlisha risiti za mwaka, wakaenda mkutanoni wakauliza, "Kilo zetu ni hizi, pesa iko wapi?" Muuzaji wa lumbesa hana swali la kuuliza, kwa sababu hana namba. Na ndivyo alivyo pia mnunuzi wa pakiti asiyesoma gramu.

SHERIA INASEMA NINI

Hatuko uchi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mlaji haki ya kupata habari zinazomwezesha kunufaika na bidhaa anazonunua. Ipo Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012. Ipo Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, ambayo kwayo mizani ya biashara hukaguliwa na kupigwa muhuri. Atakayeandika gramu 500 na kutia 450 amevunja sheria, na anaweza kushtakiwa.

Lakini atakayetia 450 na kuandika 450, kwa rangi zilezile, picha ileile na bei ileile, hajavunja lolote. Hapo ndipo sheria yetu inapoishia, na si yetu peke yake. Mwaka 2016 chokoleti ya Toblerone iliyouzwa Uingereza katika pakiti ya gramu 400 ilishushwa hadi 360, nafasi kati ya meno yake zikapanuliwa. Kelele zilipigwa kwa sababu tu mapengo yale yalionekana kwa macho. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi: tangu tarehe 1 Julai 2024, supamaketi zenye ukubwa wa zaidi ya mita 400 za mraba hutakiwa kubandika tangazo karibu na bidhaa iliyopunguzwa na bei ya kilo au lita ikapanda, na tangazo hilo likae miezi miwili. Hakuna aliyekatazwa kupunguza. Anatakiwa aseme.

TUFANYEJE

Nina mapendekezo manne, na nimeyachagua yale yanayoweza kuanzia hapa bila kungoja Nairobi.

Kwanza, kila duka kubwa la Meru mjini, Maua, Nkubu, Embu mjini na Runyenjes liandike bei mbili kwenye rafu: bei ya pakiti, na bei ya kilo au lita. Kompyuta ya duka inaweza kupiga hesabu hiyo kwa sekunde. Bei ya pili ikiwepo, pakiti ikikonda itajisema yenyewe, na mtu ataona papo hapo kama kubwa ni nafuu kweli. Wakati mwingine si nafuu.

Pili, walimu wa hisabati walete pakiti darasani. Kugawa bei kwa gramu ni zoezi la shule ya msingi, na mtoto aliyelifanya kwa sukari ya nyumbani kwao atalifanya dukani akitumwa.

Tatu, vyama vya ushirika vya viazi na ndizi vinunue mizani ya pamoja, ikae mahali lori linapopakilia. Mkulima mmoja hawezi kumkatalia dalali. Wakulima sitini wenye mizani moja wanaweza. Na kila anayepima apewe karatasi yenye kilo, hata kama bei bado imepatanwa kwa gunia. Karatasi hiyo ndiyo mwanzo wa daftari.

Nne, na hili ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Kila mwaka mabunge ya kaunti hupitisha sheria ya fedha inayoweka ada na ushuru, na kabla ya hapo wananchi hualikwa kutoa maoni. Vikao hivyo mara nyingi hujaa viti vitupu. Nendeni mkadai jambo moja: ushuru wa viazi, ndizi na ndengu utozwe kwa kilo. Siku kizuizi kitakapopima badala ya kuhesabu magunia, kilemba cha lumbesa hakitamwokolea mtu ushuru, na mwenye lori mwenyewe atataka kujua uzito alioubeba. Vilevile muulize maafisa wa mizani wa kaunti ni wangapi, mashine ngapi za maziwa na mafuta zimekaguliwa mwaka huu, na bajeti yao ni kiasi gani. Kaunti ikijibu kwa namba, mtakuwa na la kufuatilia mwaka ujao. Ikishindwa kujibu, mtakuwa mmejua kwamba kazi hiyo haifanywi.

Watengenezaji wataendelea kupunguza pakiti kila gharama zikipanda, na madalali wataendelea kuongeza gunia kila wakipata nafasi. Hatuna uwezo wa kuwazuia wote. Tuna uwezo wa kudai kwamba kila biashara katika kaunti hizi ifanyike kwa kilo zinazojulikana na pande zote mbili, na anayetaka kupunguza au kuongeza afanye hivyo mbele yetu. Niko tayari kwa maswali, na ningependa wauzaji wa soko waanze.